Pano ku paa, maji ya moto ku bafu: tulihesabu kwanza, kiisha tukaamua

Mwezi wa sita hapa Kolwezi baridi haichezi. Ekipi ya usiku inashuka mu bisi asubuhi mapema, vumbi la mgodi liko mu nywele, mu masikio, mu mikunjo ya kombinezo. Mu lupangu, mama ameshapiga magoti mbele ya mbabula, anapepea na kipande cha kartoni. Kuran ilikatika tangu jana jioni. Sufuria moja ya maji ni ya baba, nyingine ni ya watoto wanaoenda masomo, na chai nayo inangoja zamu yake. Baba akimaliza kuoga, mfuko wa makala umeshuka tena.

Njo maisha ya nyumba nyingi zetu. Na juu ya maisha hayo, mwaka huu sisi wa sendika tulipata kazi ambayo hatukuizoea: kuamua kama tutatia saini karatasi ya pano za solari kwa wafanyakazi wetu. Tunaandika hapa namna tulivyoifanya hesabu, ili familia nyingine zisirudilie makosa yetu, na ziige yale yaliyokwenda vizuri.

Waya inapita juu ya vichwa vyetu

Kwanza tuseme neno moja juu ya umeme, maana kila mkutano unaanzia pale. Waya mkubwa unaotoka Inga, mwendo wa kilometa karibu 1.700, unaishia hapa Kolwezi. Ulianza kazi mwaka 1982, na ulijengwa juu ya shaba. Vijiji vingi vinaona nguzo zake kila siku na usiku vinawasha koroboyi. Karibu yetu, juu ya Lualaba, kuko Nzilo na Nseke, mitambo ya tangu miaka ya 1950. Hata hivyo mitambo yote hii haitoshi: kampuni za migodi zenyewe zinanunua umeme Zambia na zinawasha majenereta makubwa. Kama kampuni kubwa haina kuran ya kutosha, mtu wa Manika atasema nini? Anangoja delestaje iishe.

Kwa hiyo pano zilipoanza kuonekana mu paa za majirani, hakuna aliyeshangaa. Pano imekuwa sawa na bidoni ya maji: kitu cha nyumba.

Karatasi iliyotufikia

Mwuzaji mmoja alikuja kwenye delegasyo yetu na karatasi yenye rangi nzuri. Kiti kimoja kwa kila nyumba: pano mbili, onduleri, batteri, taa. Leo hulipi kitu. Pesa inakatwa ku mshahara kila mwezi, miaka miwili. Alitaka tu saini ya madelege na liste ya majina.

Kwa siku tatu simu zetu hazikulala. "Papa delege, mutie saini tu, watoto wanasoma mu giza." Mwingine: "Mukikatala, njo kusema munakula na kampuni." Na mama mmoja, bibi wa fundi wa malori makubwa, alituuliza swali ambalo lilikuwa la maana kuliko yote: "Ile kiti itanipashia maji? Juu taa niko nayo ya batteri kidogo. Mimi kinachonimaliza ni makala."

Mwuzaji alijibu haraka: ndiyo, mama, itapasha kila kitu. Pale ndipo elektrisiani wawili wa kamati yetu walitazamana. Tukasema: hatutii saini leo. Tunahesabu kwanza.

Hesabu ya kwanza: bei na kontra

Tuchukue mfano wenye namba nyepesi. Tuseme kiti kile ukikinunua kwa pesa mkononi ni dola 900. Kwa kredi unakatwa dola 60 kila mwezi, miezi 24. Ukizidisha, ni dola 1.440. Tofauti ni dola 540, zaidi ya nusu ya bei ya kiti chenyewe. Kila nyumba iandike namba zake zenyewe mahali pa hizi na ifanye hesabu ileile. Usiangalie ile dola 60 peke yake. Angalia mwisho wa mstari.

Kiisha tulisoma maandishi madogo ya chini. Mtu akiacha kazi au kontra yake ikiisha, deni lote linalobaki linakatwa mara moja ku dekonti yake ya mwisho. Hapo wandugu wa sutretansi walinyamaza. Wengi wao wako na kontra ya miezi sita inayorudiliwa, au isiyorudiliwa. Deni la miezi 24 juu ya kontra ya miezi 6: maana yake siku unatoka kazini, unatoka mikono mitupu, na pano ziko ku paa ya nyumba ya kupanga.

Na hili la kupanga nalo tulilipima. Pano ukiifunga ku paa ya mwenye lupangu, siku akikuondoa utaiteremsha namna gani, na nani atalipa mabati yaliyotobolewa? Anayepanga akubaliane na mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya msumari wa kwanza. Na kama paa ni eternit ya zamani, isitobolewe wala kukatwa ovyo. Vumbi lake ni adui wa mapafu, na mapafu yetu yameshakula ya kutosha ku mgodi.

Hesabu ya pili: nyumba inakula kiasi gani

Tulitoa daftari. Kila mmoja alihesabu vitu vyake. Nyumba moja ya kawaida ilikuwa hivi: taa 6 za wati 8, saa tano kila jioni, ni wati-saa 240. Televizyo ya wati 70, saa tano, ni 350. Simu tano, kama 75. Redio, 60. Frigo ndogo nzuri, kama 800 kwa siku. Jumla ni wati-saa 1.525, yaani kilowati-saa moja na nusu. Onduleri yenyewe inakula usiku na mchana hata kama hujawasha kitu, na batteri nayo inapoteza kidogo. Weka kilowati-saa moja juu ya hiyo. Tunafika mbili na nusu.

Upande wa jua: pano mbili za wati 500 zinafanya kilowati moja. Jua la huku kwetu, mu siku nzuri, linatoa kwa kilowati moja ya pano kama kilowati-saa 4 mpaka 5 kwa siku. Kiangazi, mbingu ikiwa safi, hesabu inakaa vizuri. Masika, mvua ikinyesha tangu asubuhi, unaweza kupata nusu ya hapo au chini.

Basi, mu siku nzuri: inaingia nne au tano, inatoka mbili na nusu. Inabaki kilowati-saa moja na nusu mpaka mbili na nusu. Hiyo inayobaki inakwenda wapi?

Wengi walidhani inajiweka mu batteri. Hapana. Batteri ni kama ndoo. Ikijaa, imejaa. Mu nyumba hiyo, jua likifika kichwani, batteri iko 100. Kuanzia pale pano zinapunguziwa kazi na kifaa kinacholinda batteri. Jua linawaka mpaka alasiri na hakuna anayelichota. Na hapa mu avenue zetu hatujaona mtu anayekuja kutulipa kwa umeme wa jua unaobaki. Usipoutumia mchana uleule, umepotea.

Batteri iliyokufa miezi minne

Kabla ya kusema namna ya kuutumia, tusimulie kosa. Kamarade mmoja wa ekipi yetu alijinunulia kiti chake mwaka uliopita. Batteri ya asidi, volti 12, ampea-saa 200. Bibi yake alikuwa amechoka na makala, naye akampendeza: akanunua rezistansi ya kuchovya mu ndoo, wati 1.500. Kila jioni akirudi, ndoo iko ndani, maji yanachemka. Kwa wiki mbili alikuwa mfalme wa avenue.

Sasa tufanye hesabu yake. Wati 1.500 juu ya volti 12 ni ampea 125 zinazotoka mu batteri kwa mara moja. Batteri ile inabeba kilowati-saa 2,4 na ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo alikuwa na 1,2 tu za kutumia, na hapo bado taa na televizyo. Rezistansi ile inazimaliza kwa dakika 48. Yeye alikuwa anaishusha mpaka onduleri inalia, kila usiku. Miezi minne, batteri ikafa. Pesa ya batteri ingemnunulia makala ya miezi mingi. Alisema mwenyewe mu mkutano: "Sikupasha maji. Nilipasha pesa yangu."

Sheria tuliyoitoa pale ni moja, na tunaomba kila mama na kila baba aishike: maji hayapashwi na batteri. Maji yanapashwi na jua la mchana, saa batteri imeshajaa. Batteri ni ya taa na ya usiku. Maji ya moto yenyewe ndiyo batteri nyingine: unayapasha mchana, unayafunika vizuri, unayaoga jioni au asubuhi.

Maji yanataka nini

Kupasha lita moja ya maji digri moja kunataka wati-saa 1,16. Hii haibadiliki, ni yale yale kwa tajiri na kwa maskini. Chukua lita 50, ziko digri 20, unataka zifike 45. Ni digri 25. Mara 50, mara 1,16: inakuja 1.450, karibu kilowati-saa moja na nusu. Angalia: ni ileile inayobaki kila siku nzuri mu nyumba yetu ya mfano. Na zile lita 50 za moto ukizichanganya na za baridi mpaka mwili uzikubali, unapata bidoni tatu na nusu za lita 20. Baba wa ekipi, mama na watoto wanaoga.

Tulijaribu mu nyumba ya mmoja wetu kabla ya kuwaambia wengine. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Tulichukua pipa safi la chuma la lita 60, lililokuwa na mafuta ya kupikia, tukaliosha mara nyingi. Hapa tunapiga kengele: pipa la mgodi, hata likiwa zuri namna gani, lisiingie mu lupangu. Mapipa yale yalibeba asidi na dawa za kiwanda. Plastiki inanywa dawa, na maji ya moto yanaitoa tena juu ya ngozi ya mtoto.

Pipa dogo tuliliweka ndani ya pipa kubwa, na katikati tukajaza vumbi la mbao lililokauka vizuri. Juu, kifuniko kinachofunika lakini hakikazi, ili mvuke upate njia. Tanki iliyofungwa kabisa bila sopapi ya usalama inaweza kupasuka. Tusicheze na hiyo.

Rezistansi tuliyoweka ni ya wati 500 tu. Watu walicheka: ndogo vile? Lakini hesabu iko wazi. Pano zetu zinatoa wati elfu moja mu jua kali, na kuko frigo na vitu vingine. Rezistansi ya 2.000 ingechota ya pano yote na ingine ku batteri. Ile ya 500 inafanya kazi saa tatu, tangu jua likiwa kichwani mpaka alasiri, na inamaliza lita 50 pole pole. Kuko termostati inayokata maji yakifika 60.

Nani anawasha? Mwanzo mama mwenyewe: akiona ku kioo cha onduleri batteri iko 100 na jua linawaka, anawasha. Akiona wingu kubwa, anazima. Kiisha tuliweka kipima saa kidogo. Onduleri nyingi za sasa ziko na kifaa ndani kinachoweza kuwasha kitu peke yake batteri ikijaa na kuzima ikishuka; fundi wako akijua kuipanga, njo njia bora. Kipima saa hakioni wingu.

Tahadhari nne, na hizi hatubishani:

Moja, waya wa tere ufungwe ku pipa, na disjonkteri diferensieli ya miliampea 30 iwekwe ku laini ile. Maji na kuran ni ndugu wabaya. Zima kabla ya kuchota na kabla ya kuoga, kila mara.

Mbili, maji yafunike rezistansi kabla ya kuwasha. Ikiwaka mu hewa inaungua.

Tatu, usifunge rezistansi moja kwa moja ku pano na termostati ya kawaida ya nyumba. Umeme wa pano hauendi na kurudi kama wa SNEL. Termostati ya kawaida ikijaribu kuukata, inatoa cheche ndefu na inayeyuka. Elektrisiani wa mgodi wanajua hiyo; awaulize asiyejua.

Nne, maji yanayokaa vuguvugu siku nyingi yanazaa vijidudu. Yatumieni yote kila siku, na siku za jua nyingi yaacheni yafike 60.

Kama shida yako ni maji tu

Tuseme ukweli hata kama hauuzi pano. Kama nyumba yako iko na kuran ya kutosha kwa taa, na shida ni maji ya kuoga tu, usinunue pano juu ya hiyo. Pano nzuri inabadilisha kuwa umeme kama sehemu moja ya tano ya jua linaloipiga. Pipa lililopakwa rangi nyeusi, likiwekwa mu sanduku lenye kioo juu na vitu vya kuzuia baridi chini na pembeni, linakamata sehemu kubwa zaidi, bila waya, bila onduleri, bila deni. Geuza kioo upande wa kaskazini, maana huku kwetu mwezi wa sita jua linapita kaskazini. Weka mahali pasipo na kivuli cha mwembe. Alasiri mchote na muyafunike mu nyumba.

Umeme unaobaki ni zawadi kwa mtu aliyeshanunua pano juu ya taa na frigo. Zawadi hainunuliwi kwa kredi.

Kwa nini tunasumbuka juu ya maji ya kuoga

Kuko waliosema mu mkutano: sendika iongee mshahara, bafu ni mambo ya nyumba. Tunajibu mambo matatu.

La kwanza ni mbabula. Usiku wa baridi, nyumba nyingi zinaiingiza ndani baada ya kupika, milango imefungwa, watoto wamelala. Makala mekundu yasiyo na moshi yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Mtu anasikia kichwa kizito, usingizi, kiisha haamki. Hatutaki kuzika mtoto juu ya joto. Mbabula ibaki nje, au dirisha na mlango viwe wazi. Na nguo nzito ni rahisi kuliko jeneza.

La pili ni makala yenyewe. Yanatoka mbali zaidi kuliko zamani, maana miti ya karibu na mji imekwisha. Kila mwaka baiskeli inatembea zaidi, na bei inapanda nayo. Kila sufuria ya maji ya kuoga ambayo haikupita ku mbabula ni pesa ya unga.

La tatu ni vumbi. Mwaka 2020 wasomi wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa utafiti waliofanya Lubumbashi juu ya watoto waliozaliwa na vilema. Walikuta vilema hivyo vilikuwa vingi zaidi kwa watoto ambao baba yao alifanya kazi ya mambo ya migodi. Hawakusema kila mchimbaji atapata mtoto mgonjwa, na mtu asimtishe bibi yake na habari hii. Lakini sisi tunaona ni sababu tosha ya kutolileta vumbi la kobalti mpaka ku kitanda. Mtu aliyechoka, mu baridi ya mwezi wa saba, akikuta maji ya barafu, ananawa uso na mikono tu, na mtoto anamrukia mu kifua. Akikuta maji ya moto, anaoga yote.

Na hapa tunageukia waajiri. Maji ya moto ya nyumbani hayaondoi wajibu wa kampuni. Mfanyakazi anapaswa kuoga na kubadili nguo mu mgodi kabla ya kupanda bisi, na kombinezo ifuliwe kule kule, si mu beseni moja na nguo za mtoto. Kampuni isije kutuambia: muko na solari, mukaogee kwenu. Wasutretansi nao, sawasawa na wa kontra ya kudumu.

Tulichoamua

Mkutano mkuu ulikaa jumapili baada ya misa na ibada. Karatasi ya mwuzaji tulimrudishia bila saini. Tulimwandikia masharti yetu: bei ya pesa mkononi na bei ya kredi ziandikwe pamoja, aliye na kontra fupi asikatwe zaidi ya muda wa kontra yake, garanti ya batteri na ya onduleri iandikwe kwa miaka, na mahali pa kuirudisha pawe hapa Kolwezi. Mpaka leo tunangoja jibu lake.

Wakati tunangoja, nyumba kumi na mbili zilianza likelemba. Kila mwezi pesa ya wote inamwendea mmoja, naye ananunua kiti chake kwa pesa mkononi, pamoja na elektrisiani wa kamati anayekwenda naye kuangalia. Anabeba kifaa cha kupima. Pano iliyoandikwa wati 500 lakini ndogo kama meza ya chai, tunaiacha dukani. Ya kweli ina ukubwa wa zaidi ya metre mbili za mraba. Batteri tunachagua ile ya lityumu na chuma, ambayo inavumilia kushushwa na kupandishwa miaka mingi kuliko ya asidi. Bei yake iko juu, lakini ukigawa kwa miaka inashuka.

Tulipoeleza kwamba batteri ile haina kobalti ndani hata chembe, watu walicheka sana, kiisha wakanyamaza. Mzee mmoja, aliyechimba kobalti maisha yake yote, aliuliza: "Basi siku magari yote ya Uchina yakichukua ile, sisi tutachimba nini?" Ni swali la makala nyingine, na tutaliandika. Lakini tuliona ni vema liulizwe mu nyumba zetu, si mu biro za mbali tu.

Mpaka sasa nyumba tano zimeshapata zamu. Si yote yamekwenda sawa. Nyumba moja ilisahau vumbi: malori ya barabara yalifunika pano na tope jekundu la kiangazi, umeme ukapungua, bibi akadhani batteri imeibiwa nguvu. Sasa wanaosha kila jumamosi asubuhi, pano zikiwa bado baridi, kwa maji na kitambaa laini. Nyumba nyingine ilifunga pano kwa waya tu. Usiku mmoja wezi walichukua moja. Sasa tunachomelea bolti. Na masika inakuja: tumewaambia wote waziwazi kwamba siku za mvua hakutakuwa na umeme wa kubaki, na mbabula itarudi kazini, nje ya nyumba. Radi ikipiga karibu, mshushe disjonkteri.

Lakini ile nyumba ya kwanza, ya bibi wa fundi wa malori, tulipita kuiangalia mwisho wa mwezi wa saba. Alitufungulia kifuniko cha pipa, mvuke ukatoka. Tulimwuliza makala inakwenda namna gani. Alituonyesha mfuko uliosimama nyuma ya mlango. "Zamani ulikuwa unafika wiki mbili," alisema. "Huu umeingia wiki ya nne. Sasa munaweza kwenda kuongea mushaara."

Wiki ijayo njo tunaanza. Madelege wa kila ekipi walete liste ya mabafu ya mgodi yasiyo na maji ya moto, na majina ya masekta ambayo kombinezo bado zinafuliwa nyumbani. Ndiyo itakuwa karatasi ya kwanza juu ya meza. Na kama mwuzaji mwingine wa pano anakuja na karatasi yenye rangi nzuri, msitie saini peke yenu. Mlango wa sendika uko wazi kila siku baada ya ekipi ya mchana, daftari la hesabu liko pale, na kalamu pia.